Sekunde za Panya wa Kifuniko cha Njano

3 Juni

Panya arobaini na wanane wamefika asubuhi. Wote madume, weupe, macho mekundu. Nimewapokea mlangoni mwa maabara ya chuo kama ninavyowapokea wengine kwa miaka ishirini na miwili sasa: naangalia pua, naangalia manyoya, naangalia kama yupo anayejitenga. Mmoja jicho lilikuwa linatoa machozi. Nikampa namba 31.

Daftari hili nimepewa na Taís Bergamasco, binti anayesomea shahada yake ya uzamivu kwa panya hawa. Alinunua mawili, moja likazidi. "Andika chochote, Dona Zu," kaniambia; Dona ni neno la heshima, kama Bibi. "Wewe unaona mengi humu ndani na husemi." Mimi nimeishia darasa la nane, lakini mwandiko wangu hata Profesa Lourival, mkuu wa maabara, huusifu.

Safari hii sitalisha na kusafisha tu. Taís ataniachia saa ya kubonyeza niwapime yeye akiwa na sindano. Anasema mkono wangu umetulia kuliko wa wanafunzi wote.

Nyumbani, mdogo wangu Cleto hajatoka chumba cha uani tangu Alhamisi. Msimu wa ukavu umeanza. Ndivyo anavyokuwa kila mwaka.

5 Juni

Nimewazoesha mikono. Namba 12 anauma.

11 Juni

Leo tumewatia hofu wa kundi la kwanza kati ya matatu. Siijui njia nyingine ya kulisema jambo hili. Kila panya anaingizwa kwenye kisanduku chenye sakafu ya vyuma vyembamba, anaachwa anuse pembe zote, kisha umeme unapita chini ya miguu yake mara tatu. Sekunde mbili, sekunde mbili, sekunde mbili. Anaruka, analia, kisha basi. Unamtoa, unamrudisha kwenye kizimba chake, kazi imekwisha.

Taís huwa hatazami. Anatazama kioo cha kompyuta. Mimi ninatazama, kwa sababu nikigeuza uso ninajiona mwoga.

"Wanaumia sana?" nilimuuliza, ingawa najua.

"Kidogo. Kinachobaki si maumivu, Dona Zu. Kinachobaki ni kumbukumbu. Hiyo ndiyo tunayoitafuta."

13 Juni

Niandike vizuri, maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Jana kila panya alirudishwa kisandukuni dakika tatu, bila umeme, ili akumbuke. Taís anasema kumbukumbu ikiamshwa inakuwa laini kwa saa chache, kama nta iliyopata moto, na hapo ndipo inaweza kuguswa. Kwa hiyo alipotolewa tu alichomwa sindano. Chupa ni mbili, moja ina kifuniko cha njano, nyingine cha buluu. Moja ina kanabidioli, dawa inayotokana na bangi lakini hailewishi, na nyingine ina maji matupu ya sindano, hayana dawa. Ipi ni ipi anajua Profesa peke yake, na amefungia karatasi kwenye droo yake.

Leo wamerudi tena kisandukuni, dakika tano kila mmoja. Panya mwenye hofu huganda. Hatikisiki hata sharubu, ni mbavu tu zinazopanda na kushuka. Akiganda ninabonyeza. Akisogea ninaachia. Mwishoni saa inaniambia sekunde ngapi kati ya mia tatu aliishi ndani ya hofu.

Wa buluu: 170, 194, 158. Wa njano: 121, 96, 133.

Namba 31, wa njano, alipokaa kidogo alianza kujisafisha uso. Katika kisanduku kile kile! Nilitaka kumpigia makofi.

16 Juni

Jumapili. Nimepika wali, maharage na muhogo wa kukaanga. Cleto alikuja mezani akala sahani nzima. Nikaona nimwambie habari za namba 31, kumchangamsha.

Sikupaswa kumwambia.

Cleto aliendesha lori la miwa miaka kumi na tisa, lile la matrela mawili. Miaka sita iliyopita, mwezi wa nane, shamba liliwaka kando ya barabara na moshi ukaifunika lami. Basi la wanawake waliotoka kupanda miwa lilikuwa limesimama ndani ya moshi ule. Hakuliona. Walikufa saba. Mahakama ilisema hana kosa. Tangu siku hiyo hajashika usukani, na akinusa kitu kinachoungua, hata chungu changu cha maharage, anakauka alipo, macho wazi, mpaka nimshike mikono nimtaje jina.

Aliweka uma chini. "Huyo panya alisahau?"

"Hakusahau, Cleto. Taís anasema anakijua kisanduku. Ila hakimchomi tena."

"Taís amejuaje? Kamuuliza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Niletee, Zu."

"Nikuletee nini?"

"Hiyo ya njano."

"Hata haijulikani kama ya njano ndiyo yenyewe! Na dozi ni ya mnyama wa gramu mia tatu. Na ni wizi. Unataka nifukuzwe?"

"Basi nisamehe," akasema, akachukua sahani yake akaenda kuiosha.

20 Juni

Kipimo cha wiki ya pili. Wa njano bado wako chini. Taís ameninunulia mikate ya jibini.

28 Juni

Nimeona jambo ambalo sikupaswa kuliona.

Kundi la pili la panya linaanza kesho, na nilitumwa kutoa chupa kwenye jokofu. Zilikuwa zimekaa siku nyingi bila kutikiswa. Ya buluu ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Ya njano ilikuwa na pete nyembamba nyeupe ukutani na vumbi jeupe limelala chini. Taís kanieleza zamani kwamba dawa hii haipendi maji, lazima itikiswe sana ndipo ichanganyike.

Basi ya njano ndiyo yenyewe.

Nilipaswa kumwambia papo hapo. Mpimaji hapaswi kujua, ndiyo sababu ya karatasi kufungiwa drooni. Nilizitikisa chupa zote mbili mpaka pete ikaondoka, nikazipeleka. "Ahsante, Dona Zu," kasema. Nikajibu karibu.

29 Juni

Umeme. Tena mara tatu.

1 Julai

Vipimo vya kundi la pili. Njano: 88, 74, 101, 69. Ninawaona wanavyotembea kisandukuni na moyo wangu unatembea nao.

9 Julai

Wiki hii ni ya maji. Baada ya kumbukumbu, Taís anataka pia kujua kuhusu huzuni. Panya anatumbukizwa kwenye ndoo ndefu ya kioo, hawezi kupanda, hawezi kugusa chini. Mwanzo anaogelea kwa nguvu, anatafuta pa kutokea. Kisha inafika dakika anaacha, anaelea tu, pua nje. Wanaita kukata tamaa. Ninabonyeza anapokata tamaa.

Profesa Lourival aliingia, akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"Wengine wanasema si kukata tamaa, Zulmira. Wanasema mnyama amejifunza kuwa kuelea kunapunguza uchovu."

"Wewe unasemaje, Profesa?"

"Mimi nasema sijawahi kuwa panya."

Wa njano wanaogelea muda mrefu zaidi. Ninawakausha mmoja mmoja kwa taulo, ninawashika kifuani hadi mtetemo uishe. Hilo halimo kwenye maelekezo ya kazi.

10 Julai

Maji tena.

11 Julai

Maji. Nimechoka.

19 Julai

Taís amechora grafu. Aliniita niione. Nguzo mbili, ya njano fupi, ya buluu ndefu, kati yake nyota tatu ndogo.

"Unajua hizi nyota zinamaanisha nini, Dona Zu? Zinamaanisha si bahati. Mama yangu alikuwa akiniuliza kwa nini nateseka na panya wakati wenzangu wameshafungua zahanati. Nitamtumia hii." Alikuwa analia na kucheka. Alinibusu mashavu yote mawili.

Nimerudi nyumbani nina furaha hadi mlangoni. Uani, Cleto alikuwa amekaa sakafuni, kanga yangu kaifunga puani. Jirani alichoma majani makavu, moto mdogo tu wa bustani.

"Ni majani ya Dona Eunice," nikamwambia. "Umeshazimwa. Cleto. Anacleto. Nitazame."

Ilichukua dakika ishirini. Najua kwa sababu nilijikuta nimetazama saa, nimeanza kumpima.

Alipopata sauti alisema, "Dada, ni kitone tu. Sitamwambia mtu."

Nikasema hapana. Nikamwambia angoje, kazi hii ikimalizika itachapishwa, madaktari watasoma, atapewa kihalali na daktari mwenye kujua kipimo. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri sana.

"Yanakwenda vizuri kwa panya," akasema.

2 Agosti

Siku ya tisini bila mvua, redio imesema. Mto Pardo umebaki mawe.

6 Agosti

Kundi la tatu, la mwisho. Njano: 58, 66, 49.

7 Agosti

Namba 31 ameuawa leo pamoja na wa kundi la kwanza. Ubongo unatakiwa. Taís anawalaza kwanza kwa dawa, kisha anafanya haraka. Nilimshika mimi. Hakuuma, hakuhangaika, aliweka pua kwenye kiganja changu.

15 Agosti

Vumbi. Kila ninachofuta kinarudi.

22 Agosti

Kuna moto upande wa kaskazini, mbali. Cleto hajalala kitandani, amelala sakafuni penye ubaridi. Nimemwekea taulo mbichi chini ya mlango.

25 Agosti

Sijui kama nitaweza kuandika haya kwa mpangilio. Nitajaribu kuanza na Ijumaa.

Ijumaa asubuhi jua lilitoka jekundu kama kidonda. Saa tano mchana halikuwepo tena. Moto ulikuwa umewaka sehemu nyingi kwa pamoja, wengine wanasema umewashwa kwa makusudi, wengine wanasema upepo, na mimi sijali tena. Mchana ukawa wa rangi ya chungwa, kisha kahawia. Majivu ya miwa yakaanza kuanguka, marefu, meusi, yanazunguka taratibu na kutua kwenye kila kitu.

Moshi uliingia hadi kwa panya, ingawa madirisha hayafunguki. Nilipoingia nilikuta rafu nzima kimya. Kizimba baada ya kizimba, wote wameganda. Wa njano na wa buluu, sawasawa. Hakuna aliyekuwa anakula, hakuna aliyekuwa anakwaruza. Taís aliingia nyuma yangu, kitambaa usoni.

"Wiki hii imeharibika," akasema. "Hatuwezi kupima chochote." Kisha akanitazama. "Dona Zu, ndugu yako yuko na nani?"

Nikaacha ndoo hapo hapo nikakimbia.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Taulo lilikuwa limesukumwa. Nilidhani nitamkuta chini ya kitanda, au bafuni. Dona Eunice aliniita kutoka dirishani: "Zulmira! Kapita hapa! Kavaa shati jekundu, anaelekea barabara kuu!"

"Anakimbia?"

"Anatembea! Nimemwita, hata hakugeuka!"

Sisi tunakaa nyumba za mwisho, ukipita uwanja wa mpira unaikuta barabara ya malori. Nilikwenda kwa kufuata uzio kwa mkono, kwa sababu sikuona mbele zaidi ya hatua kumi. Nilisikia honi kabla ya kuona. Honi nyingi, ndefu, halafu sauti ya mtu anayefoka.

"Simama! Simama, zima gari! Rudi nyuma!"

Ilikuwa sauti ya Cleto. Sikuwa nimeisikia ikipanda hivyo kwa miaka sita.

Alikuwa katikati ya lami, kifua wazi, analizungusha lile shati jekundu juu ya kichwa chake. Nyuma yake, ndani ya moshi, magari mawili yalikuwa yamegongana na kuziba njia, na watu wanatoka kwa kutambaa. Mbele yake malori yalikuwa yanakuja moja moja kutoka kwenye kiza kile. Nililiona la kwanza likifunga breki, likaserereka, likasimama. La pili likasimama nyuma yake. Basi dogo likasimama. Dereva wake alishuka akishika kichwa kwa mikono miwili, anasema tu, "Mama yangu, mama yangu."

"Washeni taa zote!" Cleto aliwapigia kelele. "Wewe, nenda nyuma ukazuie wengine! Nenda, unashangaa nini!"

Nilimwita. Alinitazama, akanijua. "Ondoka barabarani, Zu," akasema, kama tulipokuwa watoto.

Lililomgonga halikutoka mbele. Gari dogo, kando, lililotaka kupenya ukingoni kuwapita waliosimama. Halikuwa na mwendo mkali. Lilimrusha penye majani yanayowaka chini chini.

Hakuganda. Ninaandika hili kwa sababu nataka liandikwe mahali. Tangu aliposimama barabarani mpaka alipoanguka, Anacleto hakuganda hata sekunde moja.

27 Agosti

Nyonga imevunjika, mbavu nne, na mapafu yamejaa masizi. Daktari anasema nyonga siyo inayomtia wasiwasi.

Anaongea kwa kukatika katika. Nilimwambia namna watu wanavyomsema redioni, kwamba basi lile lilikuwa na watu thelathini na mmoja.

"Kwa nini ulikwenda, Cleto? Wewe huwezi hata kunusa maharage."

"Nilisikia breki." Akapumzika. "Nikajua kinachokuja. Nani mwingine angejua?"

Baadaye akaniambia, "Ile dawa yako. Bora hukuniletea."

"Ungekuwa hukuteseka miaka hii."

"Ningekuwa nimekaa chumbani nimetulia," akasema, "nawasikiliza wanavyogongana."

Taís anasema dawa haifanyi hivyo, haimfanyi mtu asijali. Huenda ni kweli. Lakini na mimi sijawahi kumuuliza panya.

1 Septemba

Homa.

3 Septemba

Homa. Wamemwekea mashine.

9 Septemba

Cleto amefariki leo saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono. Mkono ulilegea tu.

10 Septemba

Tumemzika. Walikuja majirani, Profesa Lourival na suti yake ya zamani, na dereva wa basi dogo na mke wake. Taís hakuja, alikuwa São Paulo kwenye mkutano, anawaonyesha watu grafu yake.

Kulikuwa na mama mmoja mrefu, mweusi tii, nywele nyeupe, alisimama mbali peke yake. Nilimwendea kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Binti yangu alikuwa kwenye lile basi la wapandaji. Ivanir. Nimekuja nione mwenyewe anavyoingia kaburini."

Sikuomba msamaha, si yangu kuomba, na sikumfukuza. Tulisimama pamoja hadi jeneza likafika chini. Akachukua udongo mkononi, akaushika muda mrefu, akautupa. Sikuweza kujua ameutupa kwa namna gani. Akaondoka bila kuaga.

17 Septemba

Nimerudi kazini. Vizimba vinanuka, aliyenishikia zamu hakujua kuosha pembe.

20 Septemba

Wakubwa wa jarida wanataka video kumi za kisandukuni zipimwe upya kabla hawajaipokea makala yetu ya panya. Taís amenipa zikiwa zimefutwa namba na rangi. Ni jambo la kawaida, anasema, ni kuonyesha tu kwamba mpimaji hachezi. Nitaanza Jumatatu.

23 Septemba

Nilikaa chumba cha kompyuta na saa ile ile. Video kumi. Panya mweupe kisandukuni, panya mwingine mweupe kisandukuni. Sikujua yupi ni yupi na sikujali. Anaganda nabonyeza, anasogea naachia.

Mchana nilipewa orodha ya namba zao, nikalinganisha na karatasi zangu za zamani.

Wanne walikuwa wa buluu, wamelingana karibu kabisa. Sita walikuwa wa njano. Wa kwanza: wakati ule nilimpa 69, leo 117. Wa pili: wakati ule 49, leo 108. Wa tatu: 58, leo 104. Nilidhani saa imeharibika. Nikachukua saa nyingine, nikarudia. 115. 109. 104.

Wa kundi la kwanza tu, kabla sijaiona pete kwenye chupa, ndiye aliyebaki pale pale.

Nikarudi nikamtazama yule wa 49. Amejikunyata pembeni, mbavu zinapanda na kushuka. Ameganda waziwazi, mtoto mdogo angeona. Na mimi mwezi wa nane nilimtazama mnyama huyu huyu, kidole kikiwa juu ya kitufe, nikangoja. Nikangoja kidogo, kila mara kidogo tu. Akitikisa sikio, nikaachia haraka.

Sikumpa ndugu yangu hata tone la dawa ile. Nilimpa sekunde. Nilimchukulia kwa panya mmoja baada ya mwingine. Sasa sina wa kumponya, na mkono umenyooka.

24 Septemba

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa.

25 Septemba

Naweza kuandika namba za zamani kwenye fomu mpya. Nikipunguza na kuongeza mbili tatu, hakuna atakayejua. Taís atapata shahada yake. Mama yake ataacha kumuuliza. Na huenda dawa ni nzuri kweli, mimi nimeizidishia tu.

Lakini yupo mtu mahali fulani, kwenye chumba cha uani, ndugu yake anamwambia angoje, madaktari watasoma.

26 Septemba

Nimemwambia.

Nilimkuta anakunywa kahawa amesimama, anaimba kwa midomo iliyofungwa. Nikamwekea karatasi mbili sambamba mezani. Nikamweleza pete nyeupe, siku, tarehe. Nikamweleza alichoniomba Cleto. Alisikiliza hadi mwisho, kikombe kikiwa hewani.

"Ulijua tangu mwezi wa sita."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu." Alikaa. "Miaka minne, Dona Zulmira. Hawa wanyama wote. Tumewapiga umeme, tumewazamisha, tumewakata vichwa. Kwa ajili ya nini? Ili wewe ujifariji?"

"Sikujua kama nafanya. Naapa. Mkono ulifanya."

"Bora ungeiba chupa," akasema. Sauti haikuwa kali. "Ungeiba chupa ningekusamehe leo leo. Ningekuongezea nyingine."

Alikwenda kwa Profesa. Niliwasikia ukutani, sikusikia maneno.

27 Septemba

Profesa aliniita. Alikuwa amezeeka. "Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Chupa zilitakiwa ziwe za kioo cheusi." Kisha akasema sitapima tena, na kwamba atamwandikia mkuu wa jarida kuondoa makala. Nikauliza kama nikusanye vitu vyangu.

"Nani atalisha panya?" akaniuliza. Nadhani ndiyo namna yake ya kusema nibaki.

4 Oktoba

Gislaine wa maabara ya jirani anapima video zote upya, mia moja na tisini na mbili. Hazina rangi wala namba. Taís hanisalimu. Anapita na kuangalia sakafu niliyoisafisha.

8 Oktoba

Mawingu, hakuna mvua.

14 Oktoba

Gislaine amemaliza, na nimeonyeshwa ile karatasi ya drooni, iliyofunguliwa makala ilipoandikwa. Njano ilikuwa dawa kweli. Siku iliyofuata ile ya sindano, wa njano waliganda pungufu kidogo, nyota moja. Baada ya wiki, hakuna tofauti. Hofu ilikuwa imerudi yote. Kwenye maji, hakuna nyota hata moja.

18 Oktoba

Leo Taís amesimama mbele ya maprofesa watatu kujieleza kabla ya kuruhusiwa kumaliza. Milango ilikuwa wazi kwa kila mtu. Niliingia wakati taa zimezimwa, nikakaa nyuma kabisa na koti langu la kazi.

Alionyesha nguzo mbili, zinakaribiana kimo. Alisema waziwazi kwamba upimaji wa kwanza ulikuwa na dosari kwa sababu mpimaji alizitambua chupa, na kwamba ulirudiwa wote. Hakunitaja jina. Profesa mmoja mgeni, mwanamume wa miwani mizito, akapekua kurasa.

"Matokeo yako ni hafifu sana, Bergamasco. Kwa wanyama wengi hivi, nilitegemea zaidi. Kwa nini unadhani yametoka hivi?"

Taís alitazama nyuma kabisa ya ukumbi. Niliona ameniona.

"Kwa sababu ndivyo walivyokuwa," akasema.

Wamemruhusu aendelee, lakini aongeze mwaka mmoja na kundi jipya la wanyama.

Alinikuta kwenye ukumbi, nimeegemea ukuta. Alipita, akaenda hatua tano sita, akasimama bila kugeuka.

"Panya wapya wanafika Jumatano. Utawapokea wewe. Saa ataishika Gislaine, na chupa zitakuwa nyeusi."

"Sawa, Dona Taís." Sikuwahi kumwita hivyo.

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Sikuja mazikoni. Nilikuwa nawaonyesha watu zile nyota." "Pole kwa kufiwa na ndugu yako."

Mvua ilikuwa imeanza, ile kubwa ya kwanza, inapiga mabati ya korido hadi hatukusikilizana tena. Akaenda zake. Mimi nikaingia chumba cha panya, nikaufunga mlango. Rafu zote zilikuwa tupu, vizimba vimeoshwa na kupinduliwa. Nikakaa kwenye kigoda changu, na kwa mara ya kwanza tangu tarehe tisa Septemba nikalia kwa sauti, wala sikutazama saa.